Fargo (1996) uani Katindo: tulicheka vibaya, au filme ndiyo ilitutega?

Tshukudu_wa_Katindo

Wana Kivu, na ndugu wa mbali mnaopitia hapa, salamu. Anayetaka kuiona Fargo bila kujua mwisho aondoke sasa, maana namwaga yote.

Alhamisi iliyopita tuliionyesha uani kwa mjomba wangu, mtaa wa Katindo, hapa Goma. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, viti vya plastiki, watu kama arobaini. Nilishika maikrofoni nitafsiri, kwa sababu nakala ilikuwa na maandishi ya Kifaransa madogo kama sisimizi, na wamama wa nyuma walishaanza kulalamika.

Kwa asiyeijua: ni filme ya ndugu wawili Wamarekani, Joel na Ethan Coen. Jerry, muuza magari wa Minneapolis, ana madeni mpaka shingoni. Anawakodi wahuni wawili wamteke mke wake mwenyewe, ili baba mkwe, tajiri mwenye duka la magari analofanyia kazi, atoe pesa. Wahuni anawaambia tutadai dola 80,000, nusu yenu nusu yangu. Kwa baba mkwe anasema wanataka milioni moja. Hesabu hiyo peke yake imekuonyesha ni mtu wa namna gani. Kuanzia hapo mambo yanaharibika, watu wanakufa mmoja baada ya mwingine, na njiani unacheka.

Sasa neno langu ndilo hili. Kuna mahali wahuni wamemfikisha yule mama, Jean, kwenye nyumba ya maficho kando ya ziwa. Wamemfunika kichwa kwa kitambaa, mikono imefungwa. Anakurupuka kukimbia kwenye theluji. Haoni, anayumba huku, anayumba kule, anaanguka. Mhuni mmoja, Carl, anacheka kweli kweli. Uani kwetu nako wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatia chumvi kwenye maikrofoni: "Kuku amekata kamba!" Kicheko kikazidi. Dada mmoja wa safu ya tatu akainuka, akakaza kitenge chake, akapita mbele ya projekta. Kivuli chake kikajaa shuka zima, kisha nikasikia geti.

Baadaye nikaambiwa kaka yake aliwahi kutekwa kwenye barabara ya Rutshuru.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Kosa ni langu, ni la watazamaji, au filme yenyewe ilitupeleka pale kwa makusudi? Halafu kuna balaa lingine: umeme ulikatika dakika kama kumi kabla ya mwisho, jenereta ikakohoa mara mbili ikagoma. Kwa hiyo watu wanabishana mitaani juu ya mwisho ambao hawajauona.

Motari_Ndosho

Hata mimi nilicheka. Sasa nifanyeje, niende kutubu?

MamaSambaza

Tshukudu mwanangu, nilikuwepo, karibu na ndoo ya mikate. Ile ya kuku ilikuwa mbaya. Nakwambia kama mama yako.

Lakini usijibebeshe yote. Kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule hakikuwa cha kuku, kilikuwa cha polisi. Mnakumbuka? Gari la wahuni halina plaki ya namba, usiku, barabara nyeupe, afisa anawasimamisha. Mama wa watu yuko nyuma, amefunikwa. Carl anatoa pochi aonyeshe kibali cha kuendesha, na pembeni ya pochi amechomoza noti ya dola 50, ananung'unika kwamba labda hili jambo tungelimaliza hapa hapa. Afisa anakataa. Anamwambia ashuke. Na yule mwingine, mkimya, anamvuta kichwa anampiga risasi.

Pale kuna kijana alipiga kelele: "Angekuwa wa kwetu, angekuwa hai mpaka leo!" Uani mzima ukapasuka. Nilicheka mpaka mkate ukaniponyoka. Usiku kitandani nikawaza: huyu ndiye mtu pekee kwenye filme nzima aliyepewa pesa akakataa, na sisi ndio tuliomcheka.

Motari_Ndosho

Mama, mimi ndiye niliyepiga ile kelele. Na naishikilia. Mimi kila siku niko barabarani na pikipiki, nawajua wanaosimamisha na nawajua wanaosimamishwa. Sikumcheka marehemu. Nilicheka kwa sababu wenyewe walioandika wanadhani noti kwenye pochi ni jambo la ajabu. Kwetu mtu akiitoa kizembe vile, mbele ya taa, ndiyo inakuwa ajabu.

FundiBirere

Mimi sikufika uani, lakini nimeiona filme hii mara tatu na kila mara naitazama kama fundi. Niacheni niseme ya magari, maana watu wanang'ang'ania damu wakati ugonjwa wenyewe uko dukani.

Jerry amekopa dola 320,000 kwa magari ambayo hayapo. Kampuni ya mikopo inampigia simu: tutumie namba za magari, karatasi uliyotuma haisomeki. Yeye anatuma nyingine, nayo haisomeki, namba zimefanywa ukungu makusudi. Nilipoona pale nikasema huyu mtu namfahamu. Nimeletewa gari ambalo namba ya chasi imesuguliwa na msasa, mwenye nalo anasema ni kutu. Kutu gani inakula namba tu, chuma kilichobaki kinang'aa?

Na kuna mteja, mzee na mke wake, wamekubaliana bei. Siku ya kuchukua gari wanakuta wameongezewa pesa ya dawa ya kuzuia kutu ambayo waliikataa tangu mwanzo. Mzee anawaka. Jerry anasema ngoja nikaongee na mkubwa. Anaingia chumba cha pili, anapiga soga na mwenzake, anarudi: mkubwa hajawahi kufanya hivi, lakini kwako atapunguza dola 100. Mzee anatoa tusi moja zito, kisha anatoa kitabu cha hundi. Analipa!

Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kikatili kuliko shoka. Waliokufa wanajua wameuawa. Yule mzee ataendesha gari miaka kumi na hasira yake.

Lushois_wa_Katuba

Bandugu, miye ni wa Lubumbashi, muniache niseme kintu moya. Ile filme nilionaka zamani kwa yaya, mukubwa yangu, na kintu yenye ilinisumbua ni mwanzo. Banaandika kwa kioo: hii ni hadisi ya kweli, ilifanyika Minnesota mwaka 1987, majina ya bantu tumebadilisha, bale balikufa tunabaheshimu. Miye nikaamini! Nilikaa na huzuni siku mbili. Kisha muntu ananiambia ni bongo, bote balitungwa. Sasa huzuni yangu nani ananirudishia?

Mwalimu_Bukavu

Ndugu wa Katuba, umegusa penyewe.

Ni uongo, ndiyo, na ukisubiri majina ya mwisho yaishe utakuta ule mstari wa kawaida unaosema watu wote hawa ni wa kubuni. Filme moja inaanza kwa kiapo na kuisha kwa kukana. Hawa ndugu wawili ndiyo zao. Mhariri wa filme anaitwa Roderick Jaynes. Jina hilo liliteuliwa kugombea Oscar ya uhariri mwaka 1997. Hakuna mtu huyo. Ni wao wenyewe wamejificha nyuma ya jina. Nawaza wangeshinda nani angepanda jukwaani.

Lakini ule uongo wa mwanzo una kazi. Sisi tumelelewa na redio trotuari, uvumi wa mitaani. Nani aliwahi kusikia habari ya trotuari inayoanza kwa "nadhani"? Inaanza: mimi mwenyewe nilikuwepo, shemeji yangu alimwona maiti. Ukishaambiwa ni kweli, unavumilia upuuzi. Msimulizi akisema amebuni wahuni wawili wanaogombania gari wakati milioni imezikwa njiani, utamwambia kaka, andika vizuri. Akisema ni kweli, utatikisa kichwa: binadamu jamani.

Kuhusu swali la Tshukudu, naona filme ilimtega kwa makusudi. Angalieni nani anacheka kwenye theluji. Carl. Ukicheka, unasikia sauti yako imechanganyika na ya mtekaji. Mwenzake, yule jitu mkimya, hacheki wala hahuzuniki, anatazama tu. Filme inakupa viti viwili na vyote viwili ni vya wahalifu. Ndiyo maana dada aliondoka: hakuwekewa kiti.

Tshukudu_wa_Katindo

Mwalimu, umenifariji na kunichapa kwa pamoja. Mtego sawa. Lakini kuku sikuambiwa na Coen.

Mdau_Kigoma

Jirani zenu wa ng'ambo tunasoma kimya kimya. Swali la kijinga: steringi ni nani humu? Nilitazama nusu saa nzima namngoja. Muuza magari mwoga, wahuni wajinga, mzee bahili. Nikakaribia kuzima.

MamaSambaza

Steringi alikuwa amelala, mwanangu! Anaamshwa na simu alfajiri. Marge, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Brainerd, mimba ya miezi saba. Mume wake anaamka naye gizani, anasema lazima ule yai, anamkaangia. Anakula, anaaga, anatoka. Sekunde chache anarudi mlangoni: gari haliwaki, linataka kuchanganyiwa betri. Watu watatu wamelala barabarani wamekufa na sheria ya Marekani inangoja betri.

Nimezaa wanne. Sijawahi kuona kwenye sinema mwanamke mwenye mimba ambaye kazi yake siyo kulia au kuzaa. Huyu anainama kwenye theluji, tunadhani ameona kitu cha kutisha, kumbe ni kichefuchefu cha asubuhi. Kinapita, anasema ana njaa tena. Vijana hapa Goma mnasema akteri lazima awe na misuli na asife. Akteri wangu mimi anakula kila mara anapoonekana.

Aliyecheza anaitwa Frances McDormand, na Oscar alipewa. Haki yake.

Motari_Ndosho

Na yule mwanafunzi mwenzake wa zamani anayemlilia hotelini? Pale hata watoto walitoka kwenda kukojoa. Sehemu ile ikatwe, haina kazi.

Mwalimu_Bukavu

Ina kazi, Motari, ila imejificha. Yule Mike anamwambia mke wake amekufa kwa saratani, analia, Marge anamhurumia. Kesho yake kwenye simu rafiki anamwambia: hawakuwahi hata kuoana, mwanamke mwenyewe yu hai. Tazama uso wa Marge baada ya simu. Yuko tayari kurudi kwao, lakini anageuza gari na kwenda tena kumuuliza muuza magari. Jana yake alimwamini Jerry kwa sababu alikuwa mpole. Amegundua kwamba mtu mpole mwenye machozi anaweza kukudanganya huku anakutazama machoni.

Nakubali lakini kwamba ni ndefu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikwenda kutafuta maji.

FundiBirere

Aliyeona mwisho awaeleze wa Katindo basi, msiwatese.

Lushois_wa_Katuba

Miye nitaeleza. Carl anapata begi, milioni moya nzima. Yeye alifikiri ni 80,000! Baba mkwe alileta pesa mwenyewe, kiburi yake ilimuua, lakini mbele ya kufa alimupiga Carl risasi ku taya. Carl, damu inatoka, anaondoa 80,000, ile ingine 920,000 anazika mu theluji kando ya luo, ni kusema uzio. Anaangalia kushoto: luo na theluji. Kuume: luo na theluji, hakuna mwisho. Anachomeka kale kakintu kekundu ka kukwangulia kioo, ati njo alama. Nilicheka, nikasema baba, utarudia kuiona siku gani?

Anafika ku nyumba, anagawanya 80,000. Kisha banagombana juu ya gari. Gari! Muntu ya 920,000 anagombania gari moya. Mwenzake anamufuata na shoka.

Tshukudu_wa_Katindo

Pale pa luo mimi niliwaza Goma. Baada ya Nyiragongo kumwaga 2002, baba alikuwa anatuonyesha jiwe jeusi lililolingana pande zote, anasema chini ya hapa palikuwa mlango wa duka. Alijuaje? Hakuna alama. Tulimwamini kwa heshima.

MamaSambaza

Weee, tufikishe kwenye ile ya mashine, watu wanangoja.

Mwalimu_Bukavu

Marge yuko peke yake msituni anatafuta gari. Anasikia mngurumo. Anakaribia polepole na tumbo lake. Yule jitu anasukuma maiti ya Carl ndani ya mashine ya kusaga matawi. Mguu umebaki nje, una soksi nyeupe, anausukuma kwa kipande cha mti. Theluji upande wa pili imekuwa nyekundu. Marge anapiga kelele kwamba ni polisi, mashine inamzidi sauti, kwa hiyo ananyoosha kidole kwenye nembo ya kofia yake, kama mtu anayeonyesha kitambulisho benki. Nilicheka hapo. Jitu linakimbilia kwenye ziwa lililoganda, Marge analipiga risasi ya mguu.

Kisha garini, jitu nyuma, yeye usukani, anamhesabia waliokufa na kumuuliza kama yote yalikuwa kwa ajili ya pesa kidogo tu. Jitu halijibu. Na nyumbani, kitandani, mume anamwambia mchoro wake wa bata umechaguliwa kuwa stempu. Ya senti 3. Amevunjika moyo kidogo, kuna mwenzake kachukua stempu kubwa. Marge anamwambia watu huzihitaji bei inapopanda. Miezi miwili zaidi, wanaambiana. Basi.

Motari_Ndosho

Na Jerry?

FundiBirere

Amekamatwa chumba cha hoteli ya njiani, na nguo za ndani, anajaribu kutokea dirisha la choo.

SafuYaTatu

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye niliyepita mbele ya projekta.

Yaya Tshukudu, punguza kujilaumu, sikuondoka kwa sababu ya kuku. Kuku sikuisikia vizuri, spika yako ni mbovu.

Kaka yangu alikaa siku tisa. Alivyorudi alikuwa amekonda, lakini wiki ya pili alianza kusimulia, na anavyosimulia yeye mtashika mbavu. Watekaji walikuwa na simu moja, haina krediti. Wakabishana nani anunue, kila mmoja anasema mimi nilinunua jana. Mwishowe wakamwuliza yeye, mtekwa, kama ana hela ya krediti ili wampigie mama wamwombe pesa ya kumkomboa. Akasema mmenipora yote jana. Wakanyamaza, mmoja akaona haya. Nyumbani hiyo hadithi tunaiomba kwenye sikukuu. Mama anacheka mpaka anafuta macho.

Kwa hiyo Mwalimu, kiti ninacho. Nacheka watekaji wajinga vizuri kuliko ninyi nyote. Nilimcheka Carl.

Nilichoshindwa ni yule mama. Nilisimama pale theluji, nikarudi baada ya dakika mbili nikachungulia getini, hamkuniona. Nikabaki mpaka Carl anaingia jikoni anamkuta chini, kwenye kiti chake, ameshakufa. Mwenzake yuko mezani anakula, anatazama televisheni, anasema alianza kupiga kelele. Imeisha. Hatukuonyeshwa, hatukuambiwa alisema nini, hakuna aliyemwuliza. Marge ana mayai, mume wa Marge ana bata, Jerry ana dirisha la choo, hata yule mwongo wa hotelini alipewa dakika zake za kulia. Jean alipewa kufuma mbele ya televisheni, kuanguka ngazi amejiviringisha pazia la bafu, kukimbia kipofu, na kufa nje ya picha. Hata mtoto wake wa kiume, Scotty, anayelia chumbani, filme inamsahau. Mama amekufa, babu amekufa, baba gerezani, analelewa na nani? Nilingoja mtu aseme.

Kaka yangu angekufa siku ya tano, ile hadithi ya krediti ingesimuliwa na nani? Na watekaji. Wangeisema kwa namna yao.

Ndicho nilichotaka kuandika. Filme ni nzuri, nasema bila kulazimishwa.

MamaSambaza

Mwanangu, pole. Scotty hata mimi nilimsahau, na nina wanne.

Mwalimu_Bukavu

Dada, nimeitazama zaidi ya mara tano na nimeiandikia wanafunzi maelezo ya kurasa mbili. Jina la Jean halimo kwenye zile kurasa. Nimekwenda kuangalia sasa hivi.

Ningesema filme inajua, kwamba inamfanya asahaulike ili tuone ubaya wa mume. Marge anapowahesabu wafu garini, yule wa jikoni anamtaja. Hata hivyo hoja yako sijaivunja.

Motari_Ndosho

Mimi nasema kutomwonyesha akiuawa ni heshima. Tumeona ya kutosha huku, hatuhitaji kioo.

SafuYaTatu

Motari, kumwonyesha akifa sikuomba. Niliomba aongee sentensi moja.

Mdau_Kigoma

Nimerudi nikaitazama yote jana usiku kwa sababu yenu. Dakika 98, nimelala saa nane. Carl anamtukana mtu wa maegesho kwa dola 4, mbona hakuna aliyeitaja? Mtu anangoja maelfu, anagombana na kibanda kwa dola 4.

FundiBirere

Kwa sababu sisi wote tumeshagombana na motari kwa faranga mia tano, tunaona haya kuitaja.

Motari_Ndosho

Mia tano ni mia tano, Fundi. Ile ya juzi bado unanidai au nakudai?

Tshukudu_wa_Katindo

Dada wa safu ya tatu, asante. Alhamisi hii nitaonyesha dakika kumi na tano za mwisho tu, kabla ya filme mpya, kwa waliokatiwa umeme. Maikrofoni sitaigusa, Mwalimu anapanda boti kutoka Bukavu, atasoma maandishi kama yalivyo. Viti vya mbele havina malipo kwa waliokuwepo mara ya kwanza. Mwenye petroli lita mbili ya jenereta aniambie mapema. Na kama kaka yako anaruhusu kutoka usiku, mwambie nafasi ipo.

SafuYaTatu

Nimemwambia. Anauliza kama mtakuwa na krediti.